Zabibu na Ganda Lake: Majibu kwa Wasomaji wa Lamu na Malindi

Barua zilizonifikia tangu toleo lililopita zimeelemea upande mmoja. Nilikuwa nimeandika kuhusu matunda ya futari, nikazitaja zabibu kwa kupita tu, na wasomaji wameishika kauli hiyo kuliko mengine yote niliyoyaeleza. Nimechagua barua nane kutoka Lamu na Malindi, kwa sababu zinauliza yale ambayo wengine pia wameyauliza kwa maneno yao.

Kabla ya majibu, lipo jambo la lugha ambalo limeleta mkanganyiko katika barua mbili. Neno zabibu tumelipata kwa Kiarabu, na huko linakusudia tunda lililokaushwa. Lile bichi Waarabu huliita inabu. Ndiyo maana bibi wa Lamu akikutuma dukani ukamletee zabibu, anataka zile kavu za kutia kwenye pilau au kwenye tambi za sukari, ilhali kijana wa leo akilisikia neno hilo hilo anawaza kichala kilichotoka kwenye jokofu. Hapa nitasema zabibu kwa zile mbichi na zabibu kavu kwa zilizokaushwa, maana kwa upande wa lishe ni vitu viwili visivyolingana hata kidogo.

Assalaam aleikum, mshauri. Mama yangu ana miaka 61 na huu ni mwaka wa tisa anaishi na kisukari. Kaka yangu anayefanya kazi Mombasa humletea zabibu kila anapokuja nyumbani, na mama anazipenda sana. Jirani amemwambia asiziguse kabisa kwa kuwa ni tamu kama asali. Shangazi naye amesikia kwamba zabibu nyeusi hushusha sukari, kwa hiyo anamhimiza azile kwa wingi. Tumfuate nani? (Binti yake, Langoni, Lamu)

Waaleikum salaam, binti yangu. Jirani ana sehemu ya ukweli na shangazi ana sehemu yake, lakini wote wawili wamevuka mpaka. Akimsikiliza jirani, mama atajinyima tunda bila sababu, na akimsikiliza shangazi atapandisha sukari.

Tuanze na kilichomo. Gramu 100 za zabibu, yaani kama punje 20 za ukubwa wa kawaida, zina maji yapata gramu 80, sukari kati ya gramu 15 na 16, nyuzinyuzi zisizotimia gramu 1, protini na mafuta kidogo mno, na nguvu ya kalori 69. Sukari hiyo ni karibu sawa na vijiko vinne vya chai. Kwa punje 20 hicho si kiwango cha kutisha, lakini tatizo la zabibu ni kwamba watu hawazili kwa kuzihesabu. Mtu hukaa barazani baada ya alasiri, bakuli liko ubavuni, mazungumzo yamenoga, mkono unakwenda na kurudi, na akija kutazama vimebaki vikonyo vitupu. Kichala cha nusu kilo kikimalizika kwa namna hiyo, mwili umepokea sukari inayozidi gramu 75, na kwa mwenye kisukari jambo hilo litaonekana kwenye kipimo jioni hiyo hiyo.

Kwa hiyo mama ahesabu. Punje 15, au 17 zikiwa ndogo, zina wanga wa takriban gramu 15, nacho ndicho kiasi ambacho wataalamu wa kisukari hukihesabu kuwa fungu moja la tunda. Zioshwe, ziwekwe kwenye kisahani, kichala kirudishwe mahali pake, ndipo akae kula. Azile pamoja na mlo au mara tu baada yake, na siku atakapozila apunguze wanga mwingine: kama amekula wali wa nazi au mkate wa mofa wa kushiba, zabibu zisiongezwe juu yake. Akiwa na kipimo cha nyumbani, apime kabla ya kula na apime tena baada ya saa mbili, kwani mwili wake ndio utakaomwambia kama punje 15 zinamfaa au zinafaa 10 tu. Majibu hayo ayaandike na ayapeleke kliniki.

Shangazi naye hakuokota maneno yake hewani. Mwaka 2013 jarida la tiba la Uingereza liitwalo BMJ lilichapisha utafiti uliowafuatilia wahudumu wa afya 187,382 nchini Marekani kwa miaka mingi. Walioongeza sehemu tatu kwa wiki za zabibu, mbichi au kavu, walipatwa na kisukari cha aina ya pili kwa asilimia 12 chini ya wengine, ilhali walioongeza juisi za matunda walipatwa nacho zaidi. Ninaomba tuusome utafiti huo kwa uangalifu. Watu wale hawakuwa na kisukari walipoanza kufuatiliwa, kwa hiyo haukupima tiba ya mtu ambaye tayari ni mgonjwa kama mama yako. Tena, mtu anayekula matunda mara nyingi huwa na mazoea mengine mema, na ingawa watafiti walijitahidi kuyatenganisha, hawawezi kuyamaliza yote. Kinachobaki wazi ni tofauti kati ya tunda zima na juisi. Zabibu inayotafunwa huingia polepole, pamoja na ganda na nyuzinyuzi zake. Zikikamuliwa, robo kilo inanyweka kwa funda chache. Nikiulizwa na mwenye kisukari ni kipi akiache kwanza, nitamwambia aache juisi, hata ile iliyoandikwa kwamba haikuongezwa sukari.

Zabibu kavu azitazame kwa jicho kali zaidi. Maji yameondoka na sukari imebaki, hivyo gramu 100 zake zina kalori karibu 300, zaidi ya mara nne ya zile mbichi. Vijiko viwili vya mezani vya zabibu kavu vinalingana na zile punje 15. Chache zilizotawanyika kwenye pilau hazina neno, lakini kuzitafuna kwa kiganja huku mtu akinywa chai ya sukari ni jambo jingine. Na dawa zake, binti yangu, zisiguswe kwa sababu ya tunda lolote.

Nimetumiwa ujumbe kwenye simu unaosema kwamba ganda la zabibu nyeusi lina kitu kiitwacho resveratroli, kinachoponya ugonjwa wa moyo na saratani, na kwamba Wafaransa wamesalimika na maradhi ya moyo kwa sababu hiyo. Baba yangu ana presha, na sasa anafikiria kuacha vidonge ale zabibu. Tafadhali jibu upesi. (Mwana mwenye wasiwasi, Maweni, Malindi)

Mwambie baba asiache vidonge. Hilo nimelitanguliza kwa sababu presha haina kelele: mtu anaweza kuacha dawa akajiona mzima wiki tatu, kisha akapooza upande mmoja siku ya nne ya wiki ya nne bila dalili yoyote ya kumwonya.

Sasa nieleze habari yenyewe ilikotoka. Resveratroli ipo kweli, na mzabibu huitengeneza kwenye ganda la tunda ili kujikinga na kuvu na majeraha. Sifa yake ilienea baada ya watafiti wa Kifaransa Serge Renaud na Michel de Lorgeril kuandika mwaka 1992, katika jarida la Lancet, kuhusu jinsi Wafaransa walivyokuwa wakila mafuta mengi ya wanyama na bado vifo vya moyo kwao vikawa vichache kuliko vilivyotarajiwa. Wao walielekeza kidole kwenye divai, watu wakaifuata divai hadi kwenye ganda, na kutoka kwenye ganda wakaifikia resveratroli. Tangu hapo wanasayansi wameipima sana, na katika chembe hai za maabara na katika panya imeonyesha mambo ya kutia moyo. Kwa binadamu matokeo yamekuwa hafifu na yanayopingana, na majaribio mengi yalitumia kiasi kilichokolezwa cha mamia ya miligramu kwa siku. Kilo nzima ya zabibu ina miligramu chache tu. Kwa hesabu hiyo baba angehitaji makasha ya zabibu kila siku, na sukari yake ingemdhuru kabla ya resveratroli kumfaa. Kuhusu saratani, hakuna mgonjwa anayepaswa kuziacha dawa za hospitali kwa sababu ya zabibu, na anayesambaza ujumbe wa namna hiyo anaweza kusababisha msiba nyumbani kwa mtu asiyemjua.

Je, basi ganda halina faida? Linayo, na ndilo sehemu ninayoithamini zaidi katika tunda hili. Lile giza la zambarau katika zabibu nyeusi linatokana na rangi za asili ziitwazo anthosianini, nazo pamoja na jamaa zake huusaidia ukuta wa ndani wa mishipa ya damu kulegea na kutanuka vizuri. Faida hiyo ni ndogo, hujengeka kwa mazoea ya miaka na haiwezi kuchukua nafasi ya kidonge. Zabibu za kijani zina rangi hizo kidogo sana, ingawa sukari na maji yake ni yale yale. Anayemenya zabibu kabla ya kula anatupa kile kilichomfanya azinunue. Sisi wa dini tunaojiepusha na divai hatukukosa kitu, kwa kuwa kila kizuri kinachosemwa kuhusu ganda kinapatikana kwa kulitafuna tu.

Na hapa nataka niwakumbushe wasomaji jambo ambalo halimo katika ujumbe ule wa simu. Mtazame mtoto aliyetoka chini ya mzambarau: ulimi wake ni wa zambarau, vidole vimeiva rangi, na kanzu imepata madoa ambayo mama yake atayasugua wiki nzima. Rangi hiyo ni ya ukoo ule ule wa anthosianini. Zambarau zinapokuwa katika msimu wake, nyumba isiyoweza kununua zabibu haijapungukiwa.

Kwa presha ya baba, zabibu zina faida mbili za uhakika: karibu hazina chumvi, na zina potasiamu miligramu 191 katika kila gramu 100. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku, kwa hiyo zabibu zinachangia kidogo tu, na kunde, ndizi, viazi vitamu na mboga za majani vinachangia zaidi. Shirika hilo hilo linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima. Akitaka kuvisaidia vidonge vyake, baba apunguze ng'onda na achari kwanza.

Mimi ni mchuuzi wa matunda hapa Malindi. Wateja wananiuliza ule unga mweupe juu ya zabibu ni dawa ya shamba au la. Pia ndani ya kasha hukuta karatasi yenye vipande vya unga, na sijui kama ni sumu. Nizioshe kabla ya kuuza? (Mchuuzi, Malindi)

Ahsante, bwana, kwa kuuliza kabla ya kuuza. Ule weupe ni nta ambayo tunda limejitengenezea lenyewe ili lisikauke na lisiingiwe na maji. Chukua punje moja, ipanguse kwa kidole gumba, utaona weupe unaondoka na ganda linang'aa chini yake. Nta hiyo haina madhara, na kwa hakika inaonyesha kwamba tunda halijashikwashikwa sana. Lakini usiwaambie wateja kwamba weupe ukiwepo hakuna dawa ya shamba, kwani mabaki ya dawa mara nyingi hayaonekani kwa macho. Dawa hupunguzwa kwa kuosha, awe mteja ameona weupe au hakuuona.

Karatasi ile imewekwa na wafungashaji kwa makusudi. Ina chumvi ya salfa ambayo ikipata unyevu hutoa gesi iitwayo salfa dioksaidi, na gesi hiyo huzuia ukungu wa kijivu usiliangamize kasha lote njiani kutoka Afrika Kusini au Misri hadi kwetu. Usiichane, usiifungie zabibu za wateja ndani yake, na watoto wasiichezee. Ukifungua kasha, itoe, itupe, na uyaache matunda yapate hewa. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua na mabaki ya salfa, kwa hiyo huyo mwambie waziwazi aoshe vizuri. Mwambie pia kwamba zabibu kavu za rangi ya dhahabu hufukizwa kwa gesi hiyo hiyo ili zisigeuke nyeusi, na kwamba zile kavu za kahawia iliyokolea kwa kawaida hazifukizwi.

Usizioshe kabla ya kuuza. Zabibu yenye maji juani haimalizi siku bila kupasuka au kuchacha. Mteja azioshe nyumbani wakati wa kula, kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, akizisuguasugua kwa vidole bila sabuni. Wewe kazi yako ni kuziweka kivulini na kuondoa kila punje iliyopasuka kabla haijaziambukiza jirani zake. Unaponunua kwa jumla, tazama kikonyo kwanza: kikiwa kijani na kinapindika, zabibu ni mpya, na kikiwa kikavu cha kahawia zimekaa. Onja punje ya chini kabisa ya kichala, maana mara nyingi ndiyo ya mwisho kukolea sukari, na hiyo ikiwa tamu basi kichala chote ni kitamu. Zabibu haziivi zikishachumwa, tofauti na embe au ndizi, kwa hiyo usinunue kali ukitumaini zitakolea dukani.

Daktari ameniandikia dawa ya kupunguza lehemu, na kwenye karatasi yake kuna onyo la Kiingereza kuhusu tunda ambalo mwanangu amenitafsiria kuwa ni zabibu. Nimeacha kuzila tangu mwaka jana. Je, ni sahihi? (Mzee wa Mkomani, Lamu)

Shikamoo, mzee wangu. Majina ya matunda hayo mawili kwa Kiingereza yanafanana, na mwanao amekosea kwa sababu hiyo tu. Tunda linaloonywa ni balungi, lile la jamii ya machungwa lenye ladha ya uchungu. Balungi lina kemikali zinazozuia kimeng'enya cha utumbo ambacho huvunja baadhi ya dawa, zikiwemo simvastatini na atorvastatini za lehemu na nifedipini ya presha, na matokeo yake dawa hujaa katika damu kupita kipimo alichokusudia daktari. Danzi nalo linaweza kufanya vivyo hivyo. Zabibu hazimo katika onyo hilo, na unaweza kuzirudia. Mpelekee mfamasia karatasi yenyewe akuthibitishie jina la dawa yako.

Watumiaji wa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, pia wameniuliza. Zabibu zina vitamini K, ile inayosaidia damu kuganda, kama maikrogramu 15 katika gramu 100, kiasi kidogo sana ukikilinganisha na mchicha. Kinachotakiwa ni kutobadilisha ulaji ghafla, si kuziacha.

Nina ujauzito wa miezi mitano na kliniki wameniambia damu yangu ni ndogo. Mama mkwe ananilowekea zabibu kavu usiku, nazila asubuhi na maji yake, na anasema zitaongeza damu kuliko vidonge, ambavyo vinanifunga choo. (Mke wa baharia, Faza)

Mwanangu, mapenzi ya mama mkwe yapokee kwa mikono miwili, lakini hesabu yake haitoshi. Gramu 100 za zabibu kavu zina madini ya chuma chini ya miligramu 2. Kiganja kimoja kilicholowekwa, cha gramu 30 hivi, kinakupa nusu miligramu au zaidi kidogo, na mwili unafyonza sehemu tu ya hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apewe kila siku miligramu 30 hadi 60 za chuma kwa vidonge, pamoja na foliki. Hakuna kiganja cha zabibu kavu kitakachofika huko, na damu ikiwa ndogo wakati wa kujifungua, hatari ni ya mama na mtoto pamoja.

Hata hivyo kuna mahali ambapo mama mkwe amepatia, pengine bila kukusudia. Zabibu kavu zina nyuzinyuzi zipatazo gramu 4 katika gramu 100, na zikilowekwa huwa laini na kusaidia choo, ambacho ndicho kinachokufanya uvichukie vidonge. Basi zile za asubuhi zikusaidie kuvumilia vidonge, usizifanye badala yake. Kunywa maji ya kutosha, na kama choo bado ni kigumu, mwambie mkunga, kwa kuwa ipo namna ya kubadilisha saa au aina ya kidonge. Chai ya rangi na ya maziwa isikaribie kidonge wala chakula chenye chuma. Ipishe saa nzima. Kwa chakula, kula samaki, nyama ikipatikana, kunde na pojo, ukikamulia ndimu juu yake, kwani vitamini C ya ndimu husaidia mwili kufyonza chuma cha mimea.

Mimi ni mwalimu. Nilipowafundisha wanafunzi matunda bora, mmoja alisema zabibu ni bora kuliko mapera kwa sababu ni za bei ghali na zinatoka ng'ambo. Sikujua nimjibu nini. (Mwalimu, Barani, Malindi)

Mwandikie namba hizi ubaoni, mwalimu. Kwa kila gramu 100, zabibu zina vitamini C kama miligramu 3, embe 36, papai 61, na pera miligramu 228. Mtu mzima anahitaji yapata miligramu 45 kwa siku kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Pera moja lililookotwa uani linamtosheleza na kuzidi, na zabibu itabidi ale kilo moja na nusu. Papai na embe bivu vinampa pia vitamini A inayolinda macho, ambayo katika zabibu ni kama haipo.

Nasema hivi bila kuzidharau zabibu. Zina maji mengi ya kuburudisha koo baada ya saumu, zina zile rangi za ganda, zina vitamini K na madini ya shaba kwa kiasi cha kufaa, zimetajwa pamoja na mitende katika Qur'ani, na ni tunda ambalo mgonjwa asiye na hamu ya chakula mara nyingi hulikubali. Wala si zote zinazotoka mbali: Dodoma, kwa majirani zetu wa Tanzania, wakulima huzivuna mara mbili kwa mwaka. Ninachokikataa ni bei kufanywa kipimo cha lishe. Inanihuzunisha ninapomwona mama mwenye kipato cha kubahatisha akinunua punje chache kwa mtoto anayetoka hospitali, akiamini ndiyo njia ya kumpa nguvu, naye ameyapita mafungu ya mapera na papai lililokatwa mlangoni pa soko. Fedha ile ile ingemlisha mtoto matunda wiki nzima.

Nimemeza mbegu za zabibu. Je, zitakwenda kwenye kidole tumbo? (Kijana, Shela, Lamu)

Mbegu hizo hupita na kutoka kwa njia ya kawaida. Kidole tumbo kuvimba kwa sababu ya mbegu ya tunda ni jambo la nadra mno. Maumivu makali ya tumbo upande wa kulia chini yanahitaji daktari haraka, iwe ulimeza mbegu au hukumeza.

Mjukuu wangu ana miaka miwili na nusu. Juzi alipaliwa na zabibu, akageuka rangi, tukampiga mgongoni ikatoka. Sasa mama yake amezipiga marufuku nyumbani. Je, amefanya sawa? (Nyanya yake, Muyeye, Malindi)

Alhamdulillahi kwamba ilitoka. Mama wa mtoto ana haki ya kuogopa, na barua yako, mama, nimeisoma mara mbili. Zabibu nzima ni miongoni mwa vyakula vya hatari zaidi kwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Punje ni laini, ni teleze, ina ukubwa unaokaribiana na njia ya hewa ya mtoto, na ganda lake hujibana kwenye koo likaziba kabisa bila kuacha hata mwanya mdogo wa pumzi. Mtoto aliyezibwa namna hiyo halii wala hakohoi, na kimya hicho ndicho humfanya mtu aliye chumba cha pili asijue.

Si lazima marufuku iendelee, lakini utaratibu ubadilike. Ilaze punje juu ya ubao, ikate kwa urefu kutoka kwenye kikonyo hadi nchani, kisha kila nusu uikate tena kwa urefu, upate vipande vinne vyembamba. Usiikate kwa kuikatisha katikati, kwa sababu utapata vikombe viwili vya duara ambavyo bado vinaweza kuziba. Toa mbegu. Mtoto ale akiwa amekaa na mtu mzima akimtazama, asile akikimbia uani wala akiwa amelala chali. Mjukuu wako aendelee hivyo mpaka atimize miaka mitano.

Akipaliwa tena na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa au kupumua, mwinamishe mbele, mpige mara tano kwa kitako cha kiganja kati ya mabega, na kama haijatoka, simama au piga magoti nyuma yake, mzungushie mikono, weka ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, na uvute ndani na juu mara tano, ukibadilishana hivyo huku mwingine akitafuta msaada wa hospitali. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka habanwi tumbo. Yeye hulazwa kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, akapigwa mgongoni, kisha akageuzwa na kubonyezwa katikati ya kifua kwa kitako cha kiganja kimoja. Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona, kwani utaisukuma ndani zaidi. Na baada ya kubanwa tumbo, hata kama punje imetoka na mtoto anacheza, apelekwe hospitali akaangaliwe siku hiyo hiyo.